Alisimama Kabla ya Kuanguka

Mwalimu wa kwaya wa kijiji chetu alizikwa bila kengele. Mchungaji hakuja, na waimbaji aliowafundisha sauti zote nne waliambiwa kwamba wakitaka kuimba waimbe kama majirani, si kama kwaya. Hayo niliyatarajia. Mwalimu alikuwa ametengwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kila aliyekulia kule anajua utaratibu wa kanisa lake kwa mtu wa namna hiyo. Kilichonichoma ni maneno ya mzee mmoja wa kanisa, siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa mgombani na vikombe vya chai. Kijana mmoja aliuliza kama mtu aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu kwa kuendelea kukaa katika dhambi. Mzee alijibu kwa utulivu: "Wokovu haupotei, mwanangu. Huyu hakuokoka kamwe. Angekuwa ameokoka, angedumu."

Binti wa marehemu alikuwa anapita na birika. Alisimama, akauliza, "Kwa hiyo baba alipotufundisha kusali alikuwa anatudanganya?" Hakupata jibu, na watu wakaanza kuzungumzia mvua.

Niseme kosa la Mwalimu lilivyokuwa, maana bila hilo hoja yote itaelea. Alifiwa na mkewe. Baada ya muda akaanza kuishi na mwanamke ambaye mumewe alikwenda kwenye machimbo ya Mererani na hakurudi, wala hakupatikana mtu wa kuthibitisha kwamba amekufa. Kanisa likasema haliwezi kufungisha ndoa juu ya ndoa. Wazee wakamwita, wakamwonya, wakamtaka amwache yule mama. Hakumwacha. Alipougua, mama huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji. Mwalimu aliomba apelekewe meza ya Bwana kitandani, akaambiwa kwanza amtoe mwanamke nyumbani, kisha aje atubu mbele ya waumini. Alikuwa hawezi tena hata kuketi. Sisemi kwamba hakukosa. Aliijua amri, alionywa zaidi ya mara moja, na akaendelea. Kama maneno "kutotii kunakoendelea" yana maana yoyote, yanamhusu.

Wokovu ni nini, sina haja ya kukalia: ni kusamehewa dhambi na kupokelewa na Mungu kwa ajili ya Kristo, uhai unaoanza hapa na kukamilika baada ya kufa. Kutotii kunakoendelea si kuteleza kwa siku moja. Ni kujua, kuweza kuacha, na kutoacha. Wenye vitabu wataongeza tofauti za kuhesabiwa haki na kutakaswa, nami ninazikubali.

Maandiko yenyewe yanavuta pande mbili na atakayesema hayavuti hajayasoma yote. Waraka kwa Waebrania, sura ya sita na ya kumi, unazungumza juu ya watu waliokwisha kuonja na kushiriki, kisha wakaanguka, na unazungumza kwa ukali wa kutisha. Ezekieli, katika sura ya kumi na nane, anasema mwenye haki akiiacha haki yake, haki ile ya zamani haitakumbukwa. Upande wa pili yupo Yesu katika Yohana sura ya kumi, akisema kwamba kondoo wake hawatanyakuliwa mkononi mwake, na Paulo katika Warumi sura ya nane, akitaja kila kitu anachoweza kukifikiri mbinguni na duniani, na kusema hakuna kinachoweza kututenga na upendo wa Mungu. Makanisa yalichagua pande. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wanaliungama hadi leo, katika kifungu chake cha kumi na mbili linawakataa wanaosema kwamba aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Kifungu hichohicho kinawakataa pia wanaomnyima msamaha aliyeanguka baada ya ubatizo. Mtaguso wa Trento wa 1547 ulifundisha kwamba neema hupotea kwa kila dhambi ya mauti, hata pale imani inapobaki. Nchini Uholanzi, wafuasi wa Arminius waliandika vifungu vitano mwaka 1610, na katika kile cha tano wakakiri kwamba suala hili linahitaji kuchunguzwa zaidi katika Maandiko kabla ya kulifundisha kwa uhakika. Miaka tisa baadaye sinodi ya Dordrecht ilikwisha kuamua kinyume chao: wateule wa kweli hudumu. Waliosema "tuchunguze zaidi" walifukuzwa makanisani. Nimekuwa nikiwaheshimu watu wale kwa sababu ya kifungu chao cha tano kuliko vile vinne vingine.

Mimi nilikulia upande unaosema wokovu hupotea. Lakini sikuja kupambana na Dordrecht. Sinodi ile, pamoja na makosa yake, ilikuwa inajaribu kumfariji Mkristo aliye hai anayetetemeka. Ninapambana na sentensi ya mzee, kwa sababu imechukua faraja ya walio hai na kuifanya hukumu ya wafu.

Itazameni kwa makini. Anayesema "wokovu haupotei" anaonyeshwa mtu aliyeomba, aliyefundisha, aliyelia akiungama, aliyewaleta wengine kanisani, na ambaye baadaye aliacha njia. Anajibu: basi hakuwa ameokoka. Mwonyeshe mwingine, atajibu vilevile. Mwonyeshe mia moja. Hakuna maisha ya mtu yeyote, awe ametenda nini, yanayoweza kuligusa fundisho lake, kwa maana kila ushahidi unaolipinga unafutwa kwa kumfuta mwenye ushahidi. Ninaweza kuvumilia fundisho lisilopimika. Imani ina mafundisho mengi ya namna hiyo. Lakini hili halikai mbinguni lisikopimika. Linashuka kijijini na kutaja jina la mtu. Linadai kujua kilichokuwa ndani ya moyo wa Mwalimu miaka thelathini iliyopita, na ushahidi wake pekee ni mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake miaka kumi ya mwisho.

Niliporudi kwa mzee baadaye, tuliongea kwa muda mrefu na kwa adabu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti. Alinielekeza kwenye Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya pili, panapozungumzwa watu waliotoka katika kundi, na mwandishi anasema kutoka kwao kulionyesha hawakuwa wa kundi. "Unaona," akasema, "si maneno yangu." Nilimwambia, "Mzee, hao wa Yohana walitoka wakimkana Mwana. Mwalimu hakutoka. Sisi ndio tuliomtoa, naye aliendelea kukaa kwenye benchi la nyuma mpaka miguu ilipokataa." Yohana alikuwa anaeleza jambo lililowapata watu fulani aliowajua. Kulifanya kanuni ya kupimia kila aliyewahi kuteleza ni kumbebesha asichosema.

Akahamia kwenye matunda: mti hujulikana kwa matunda yake. Hapo ndipo ninapokaribia kukosa subira, na msomaji anisamehe nikikaa hapa. Matunda ya mwaka gani? Mwalimu alizaa miaka thelathini. Wapo watu wazima katika kijiji kile ambao walijifunza kusoma kwa kitabu cha nyimbo alichowashikia yeye. Wapo walioacha pombe kwa sababu aliwaendea usiku, akakaa nao mpaka asubuhi. Kama hayo ni matunda mabaya yaliyojificha, basi neno "matunda" halitusaidii kujua chochote, na mzee asilitumie. Kama ni matunda mema, basi mti ulikuwa mwema, na lililotokea baadaye ni jambo lililoupata mti mwema. Hawezi kuyahesabu matunda ya mwisho na kukataa kuyahesabu ya mwanzo kwa kipimo kilekile.

Nikamuuliza habari za Daudi. Daudi alimchukua mke wa Uria, akapanga Uria auawe vitani, na nabii Nathani alipofika kumkemea, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Yaani mimba ilifika mwisho wake, na kwa miezi yote hiyo mfalme alikula, aliketi kitini kuhukumu mashauri ya watu, alilala na mjane wa mtu aliyemuua, na hakuna neno moja la toba lililoandikwa. Kama hiyo si dhambi inayoendelea, sijui nyingine. Tuseme Daudi angeanguka ngazi na kufa mwezi wa saba. Je, mzee angekaa katika matanga yake na kusema kwamba mvulana aliyemkabili Goliathi kwa jina la Bwana hakumjua Bwana kamwe?

Mzee alifikiri, maana si mtu mjinga. Akasema Mungu asingeruhusu Daudi afe kabla ya kutubu, kwa sababu Daudi alikuwa wake. Jibu hili nimelisikia pia kwa watu wenye digrii za theolojia, na ninaliona kuwa gumu kuliko yote kusamehe. Maana yake ni kwamba saa ya kufa kwa mtu ndiyo ushahidi. Aliyepata muda wa kutubu alikuwa wa Mungu, aliyekosa muda hakuwa wake. Basi Mwalimu alikufa wakati ule kwa sababu hakupendwa. Malaria, moyo, ajali ya bodaboda, vyote vinageuka kuwa hukumu zilizotiwa sahihi. Kitabu cha Ayubu kiliandikwa dhidi ya marafiki waliosoma mapenzi ya Mungu katika misiba ya mtu kwa namna hii hasa, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu.

Tena Daudi alitumiwa Nathani. Nathani alikwenda mwenyewe, akaingia ndani, akazungumza na mkosaji uso kwa uso, na alipoisikia toba alitangaza msamaha palepale, bila kumtaka kwanza avunje nyumba aliyokwisha kuijenga. Bathsheba, yule mke wa Uria, alibaki. Akamzaa Sulemani.

Na Sulemani ni mgumu zaidi. Mwanzoni mwa maisha yake anaomba hekima, Mungu anapendezwa. Anajenga hekalu, anapiga magoti, anasali sala ndefu, na utukufu unaijaza nyumba. Katika uzee wake anazijengea sanamu za wake zake mahali pa ibada juu ya kilima mbele ya Yerusalemu, na Kitabu cha Wafalme kinamzika bila kutaja toba. Wakristo wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Wale wenye jibu la mzee wanapaswa kusema kwamba sala ya hekaluni ilikuwa ya mtu asiyemjua Mungu, na kwamba utukufu ulishuka hata hivyo. Sijamwona anayethubutu kulisema waziwazi. Kwa mwalimu wa kwaya wanathubutu.

Lipo jambo moja zaidi, nalo linanigusa mimi mwenyewe. Calvin, katika kitabu cha tatu cha Institutio, anakubali kwamba hata wasio wateule huguswa wakati mwingine na hisia inayokaribiana mno na ile ya wateule, kiasi kwamba wao wenyewe hawaoni tofauti. Alilazimika kulikubali, kwa sababu aliwaona watu wa namna hiyo. Lakini ukilikubali, faraja yote inavuja. Nilifundishwa kwamba nikiamini kwamba wokovu haupotei nitalala usingizi. Sasa naambiwa Mwalimu alihisi alivyohisi, akasali alivyosali, akawa na uhakika uleule ambao mzee anao leo, na haukuwa kitu. Basi uhakika wa mzee unatofautiana nao kwa lipi? Kwa kudumu, atasema. Lakini bado hajafa. Yeye na yule anayeamini kwamba wokovu hupotea wako katika hofu ileile, ila mmoja anaogopa kwamba ataanguka, na mwingine kwamba labda hajawahi kusimama. Ya kwanza naweza kuishi nayo, kwa sababu inaniacha na jana yangu. Nilisamehewa kweli, swali ni la kesho. Ya pili inamnyang'anya mtu kila siku aliyoishi.

Zipo pingamizi za haki zaidi kuliko jibu la mzee. Wapo wanaosema kwamba wokovu ukiweza kupotea kwa matendo, basi umekuwa wa matendo. Ni hoja nzito, na sijaimaliza. Wapo wanaosema kwamba Mungu aliyeanza kazi huimaliza. Na wapo wanaosema kanisa lisilo na nidhamu si kanisa, jambo ambalo silipingi.

Ninapochoka na mabishano haya huwa narudi Karthago, na sitaacha kurudi huko sasa. Mwanzoni mwa mwaka 250 Kaisari Decius alikuwa ameamuru watu wote wa dola waitolee miungu sadaka mbele ya tume na kupewa hati. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimepatikana katika mchanga wa Misri, kila moja na jina la mtu na tamko kwamba ametoa sadaka na kuonja nyama. Wakristo walikwenda kwa wingi. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua hati bila kutoa, wachache walikataa wakafungwa au wakafa. Cyprian, askofu wa Karthago, alijificha, akaliongoza kanisa lake kwa barua. Dhoruba ilipopungua, walioanguka wakajazana mlangoni wakitaka kurudi. Wale waliokaa gerezani bila kukana wakaanza kuwaandikia vikaratasi vya amani, na askofu aliyekuwa amejificha akalazimika kusema kama vikaratasi hivyo vina nguvu. Kule Roma, Novatian alisema mlango umefungwa: aliyemkana Kristo baada ya ubatizo amwachie Mungu, kanisa halina la kumpa. Cornelius aliyechaguliwa askofu mwaka 251 alisema wanaweza kurudi kwa toba.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba hakuna upande uliosema walioanguka hawakuwahi kuwa Wakristo. Ingekuwa rahisi mno. Ingemaliza ugomvi wote kwa siku moja: hamkuwa wetu, nendeni. Hata Novatian, mkali kuliko wote, alikuwa mkali kwa sababu aliamini kwamba walikuwa wamepewa kitu cha kweli na wamekikanyaga. Walijadili dawa gani inamfaa mgonjwa, na hawakuwahi kusema mgonjwa alizaliwa maiti. Baraza la Karthago la 251 likatenganisha walionunua hati na waliotoa sadaka. Hao wa pili wangepatanishwa saa ya kufa. Haki inataka niseme pia kwamba Cyprian huyohuyo aliandika kwamba aliyekataa toba akiwa mzima asipewe amani akiiomba kitandani kwa kuogopa kifo tu. Na nikiwaza Mwalimu, barua ile hainifurahishi. Lakini mwaka 325 maaskofu waliokutana Nikea, katika kanuni ya kumi na tatu, waliiita sheria ya kale kwamba anayekufa asinyimwe chakula cha safari, yaani meza ya Bwana. Akipona, waliongeza, akae na wanaoshiriki maombi tu. Waliona hatari ya kumpa asiyestahili, wakaichukua.

Mambo haya si ya Afrika ya Kaskazini peke yake. Kenya ya miaka ya 1950 ilikuwa na Karthago yake. Ndugu wa Uamsho, ule uliowashwa Gahini nchini Rwanda na kufika Uganda, Kenya na Bukoba, walikataa kiapo cha Mau Mau na wengine wakauawa kwa kukataa. Wengine walikula kiapo wakiwa na panga shingoni, kisha wakarudi kanisani kukaa benchi moja na wajane wa waliokataa. Watu wa Uamsho walikuwa na ukali wao, lakini walikuwa na desturi ninayoikumbuka kila ninapomfikiri mzee wangu: katika mikutano yao mtu alisimama na kutaja dhambi ya wiki hii, si ya kabla ya kuokoka tu. Aliyeokoka kwa miaka ishirini alitubu kama wa jana, na hakuna aliyemwambia kwamba kumbe hakuwa ndani.

Mimi naegemea wapi? Naamini mtu anaweza kuondoka. Siwezi kuzisoma zile sura za Waebrania kana kwamba ni vitisho vya kumtisha mtoto, visivyo na shimo nyuma yake. Lakini sijui ni kutotii kupi kunakomfikisha mtu huko. Mwalimu alivunja amri moja iliyo wazi, na huku akiivunja alitimiza nyingine kila siku, kwa mwanamke ambaye hakuwa na mwingine wa kumtunza. Mchoyo wa kijiji chetu, anayewapunja vibarua wake mwaka baada ya mwaka, anakula meza ya Bwana na atazikwa kwa kengele. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema mishahara iliyozuiliwa inapiga kelele masikioni mwa Mungu. Uasi ule nao unaendelea, ila hauna mtu wa kuuhesabu. Na ninaona kwamba Paulo anapoitaja hatari ya kukataliwa, katika Wakorintho ya Kwanza sura ya tisa, anajitaja mwenyewe. Na anapomtenga mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake, dhambi iliyokuwa ikiendelea mchana kweupe, anasema lengo ni roho yake iokolewe. Hofu aliichukua yeye, tumaini akampa mkosaji. Kwetu imekuwa kinyume.

Augustino, akiandika katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufa Hippo mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali, alisema kwamba wapo wanaozaliwa mara ya pili kweli na bado hawapewi kipawa cha kudumu, na kwamba kwa nini mmoja anapewa na mwingine hapewi ni siri ya Mungu. Angalau yeye asingemwambia yule binti kwamba baba yake alidanganya. Lakini fundisho lake linaipa saa moja ya mwisho uzito kuliko miaka thelathini, na linamweka Mungu kuwa ndiye aliyeshika kipawa ambacho Mwalimu alikihitaji. Kwa hilo siwezi kumfuata. Wa kumfuata badala yake bado sijampata, na mama yule aliyemwogesha marehemu ameniuliza kama anaruhusiwa kumwombea, nami nimemwambia aombe, bila kujua ninasimama juu ya fundisho la nani.